Notisi za Baiolojia: blogu ipi ufungue, na mafaili uyaweke wapi?

Swali lilikuwa refu, nalifupisha. Mwalimu wa Baiolojia sekondari ya kata huko Moshi ana notisi zake za kidato cha kwanza mpaka cha nne, nusu kachapa kwenye Word, nusu kaandika kwa mkono akazipiga picha na simu akazigeuza PDF. Anazitupa kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi na kila wiki kuna mtu anaomba tena ileile. Mmoja kamwambia fungua WordPress, mwingine Blogger, mwingine kamwambia achana na mambo ya blogu, pandisha zote MediaFire uwape linki basi. Anauliza ashike ipi, iwe ya bure au karibu na bure, na kama kuna hela yoyote humo.

Mwalimu habari za kazi. Hao waliokushauri wote wana ukweli wao, ila wanajibu maswali mawili kama vile ni moja. Blogu ni sehemu ya kusomea na kutafutia, mtoto anaandika kwenye Google jina la topiki na kidato anakukuta wewe. MediaFire, Drive, Dropbox na ndugu zake hao ni stoo, faili limekaa pale linamsubiri mwenye linki, asiye na linki hajui hata kama lipo. Wewe unahitaji vyote viwili, ila kabla hujachagua kampuni yoyote kuna kitu kinatangulia nacho ni uzito wa hayo mafaili yako.

Chukua ile PDF ya picha, topiki moja tu. Kurasa 30, kila ukurasa picha ya rangi ya MB 2 hivi, hapo una MB 60. Watoto 40 wakiishusha umetafuna GB 2.4 za bando la wazazi kwa topiki moja, na bado sijamhesabu yule ambaye imemkatikia karibu na mwisho akaanza upya. Topiki hiyohiyo ukiichapa, ukaweka michoro mitatu minne iliyobanwa vizuri, PDF yake inashuka chini ya MB 1 bila shida yoyote. Darasa zima halifiki MB 40. Mimi hapa Sakina, Arusha, natengeneza website na kompyuta na pembeni kuna mashine ya kuprinti, naona kila siku jioni mtoto anakuja na simu ya mama yake kioo kimepasuka, anafungua notisi ya mwalimu, ile duara inazunguka weee, mwisho ananiuliza kama nina waifai. Ikifunguka kurasa za picha zimetoka na kivuli cha mkono, ukiprinti zinakula wino na maandishi hayasomeki. Ile iliyochapwa inatoka safi.

Kwa hiyo zilizoandikwa kwa mkono tafuta namna zichapwe, taratibu, topiki moja moja, ukianza na zile zinazoombwa sana. Kuna vijana wamemaliza kidato cha nne wako nyumbani wanasubiri matokeo, wanachapa vizuri tu. Ukiwa na karatasi iliyochapwa ila faili lake limepotea, piga picha safi, pandisha Google Drive halafu ifungue kwa Google Docs, inakutolea maandishi, wewe unarekebisha makosa. Mwandiko wa mkono hapo inahangaika sana usiitegemee. Na zile ambazo huna muda nazo kwa sasa, skani upya kwa ile sehemu ya kuskani iliyo ndani ya programu ya Drive ya simu, ukichagua nyeusi na nyeupe badala ya rangi uzito unapungua na kile kivuli kinaondoka.

Sasa blogu. Kwa hali yako mimi nasema Blogger na sizunguki. Najua wajuzi wengi wanaicheka, wanasema ni ya kizamani, na kweli ni ya kizamani, ilianza 1999, Google wakainunua 2003, na sura yake ya ndani haijabadilika sana kwa miaka mingi. Ila blogu nyingi za Kitanzania tulizokua tunazisoma zilianzia hukohuko Blogspot, yaani anwani za Blogger, ya Michuzi ikiwemo. Ni bure, huhitaji hostingi, yaani kukodi sehemu ya kuiweka tovuti, hakuna kitu cha kuapdeti, na siku ukitaka jina lako mwenyewe la .co.tz unalipia jina tu na kuliunganisha, Blogger wenyewe hawakutozi kwa kuunganisha. Ukiacha mwaka mzima hujaigusa kwa sababu ya kusahihisha mitihani, ukirudi unaikuta. Kizuri zaidi kwako, ukichagua muonekano mwepesi, ule usio na vikorokoro vya kuruka ruka, ukurasa wake unafunguka hata kwa simu ndogo kule juu Kibosho ambako mtandao ni wa kubahatisha.

Ina kasoro moja kubwa inayokuhusu wewe moja kwa moja, na nashangaa aliyekushauri hakukwambia: Blogger haipokei PDF. Inapokea maandishi, picha na video basi. Faili la Word au PDF lazima likae mahali pengine halafu wewe uweke linki yake kwenye posti. Ndo maana walimu wengi wenye blogu za notisi wanaishia kuwa na posti yenye mstari mmoja, "bonyeza hapa kupakua", na Google haioni kitu cha kusoma pale kwa hiyo haiwaleti watu. Usifanye hivyo. Notisi yenyewe ibandike ndani ya posti, maandishi yote, vichwa vya habari, mchoro wa figo au wa ua uwe picha katikati, halafu chini kabisa ndo uweke linki ya PDF kwa anayetaka kuprinti. Mtoto mwenye MB chache anasoma palepale bila kushusha chochote. Posti moja iwe topiki ndogo moja, usibandike topiki nzima ya kurasa 30 kwenye posti moja, simu itakwama. Halafu weka lebo, kidato na topiki, ili akibonyeza kidato cha tatu azione zote za kidato cha tatu.

WordPress hapo pana mkanganyiko na hata mafundi wanauchanganya. Zipo mbili. Kuna ile ya wordpress.com, unafungua akaunti kama Blogger tu, inapokea PDF moja kwa moja ambayo ni faida, lakini kwenye bure nafasi yako ni GB 1, matangazo wanaweka wao na hela ni yao, na plagini, vile vipande vya programu vya kuongezea uwezo, huwekewi mpaka ulipie. Kuna na ile programu yenyewe ya WordPress iliyotoka 2003, hiyo ni bure kuichukua ila unaiweka kwenye hostingi unayolipia kila mwaka pamoja na jina. Hiyo ya pili ndo mafundi tunayoipenda kwa sababu unafanya unachotaka, na pia, niseme ukweli, kwa sababu mteja anaturudia. Plagini zinataka kuapdetiwa, usipoapdeti miezi kadhaa unakuta mtu ameingia blogu yako ya Baiolojia imekuwa inauza dawa za ajabu ajabu. Hostingi ikiisha mwezi wa kwanza wakati una ada za watoto wako mwenyewe, tovuti inazimwa, na ukichelewa sana wanafuta. Nimeletewa tovuti za shule za hapa Arusha, nyingine ada kubwa tu, mwenye pasiwedi ni kijana aliyeitengeneza na hapatikani kwenye simu, kilichobaki ni ukurasa mweupe. Kama shule nzima inaamua na kuna bajeti ya kila mwaka, sawa, fungueni WordPress. Kwa mwalimu mmoja na mshahara wake hapana.

Medium na Substack utasikia watu wanazitaja, nazipitia haraka. Medium nzuri kwa mtu wa makala, ila wasomaji mara nyingi wanawekewa ukuta wa kujisajili, mtoto wa kidato cha pili hana muda huo. Substack imejengwa juu ya baruapepe, wazazi wa watoto wako wangapi wanafungua baruapepe? Na malipo yake yanapita Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, ambayo Tanzania haijafungua akaunti za wafanyabiashara. Tumblr achana nayo. Google Sites ndo ningeiweka ya pili baada ya Blogger, kwa sababu unaweza kuonyesha foda nzima ya Drive ndani ya ukurasa, lakini haina mpangilio wa posti na lebo.

Tuje stoo, hapa pana mambo mengi zaidi na ndipo watu wanaumia.

WhatsApp yenyewe siyo stoo. Inabeba hati mpaka GB 2 sawa, lakini unayemuongeza kwenye grupu leo kwa kawaida haoni mzigo wa mwezi uliopita, na asiyefungua faili mapema anakuja kuambiwa halipo tena, mtumaji atume upya. Hilo ndo chanzo cha hizo "mwalimu naomba tena". Siyo wazembe wote, wengine kweli halifunguki. Ukitaka kitu kinachofanana na WhatsApp ambacho kinatunza, fungua chaneli ya Telegram, aliyeingia leo anapanda juu anakuta mafaili tangu siku ya kwanza, kila faili hadi GB 2, na kuna sehemu ya kutafuta. Watoto wakubwa wengi tayari wako huko. Wazazi siyo sana.

WeTransfer ni ya kutuma mzigo, siyo kuhifadhi, linki ya bure inakufa baada ya siku chache. Nzuri ukiwa unamtumia mtu wa kuchapisha vitabu faili moja kubwa, imeisha hiyo. Dropbox wanakupa GB 2 za bure, OneDrive GB 5, MediaFire GB 10, Google Drive GB 15, MEGA GB 20. Mtu akiangalia namba tu atakimbilia MEGA, na ndipo anapokosea, kwa sababu MEGA inafunga mafaili kwa ufunguo na yanafunguliwa ndani ya simu ya msomaji, kwa usiri ni safi sana ila kwa simu ndogo yenye RAM ya kubanana ni mateso, na anayeshusha bure ana kikomo cha kiasi. Notisi za Baiolojia hazina siri yoyote ya kulindwa hivyo.

Hizi za kushusha zenye matangazo, MediaFire ikiwemo, linki zake zinafunguka bila akaunti na mtu anashusha kweli. Tatizo langu ni matangazo yanayozunguka kitufe. Mtu mzima anajua kipi cha kweli, mtoto anabonyeza kile kikubwa cha kijani, anashusha programu ya ajabu, simu ya mzazi inaanza kujifungulia matangazo yenyewe usiku. Halafu ikifika kwangu naulizwa simu imerogwa. Kwa watoto mimi sipeleki linki ya namna hiyo, hata kama mwenye huduma hana nia mbaya.

Na usidhani kampuni kubwa haifi. Megaupload ilikuwa kati ya stoo kubwa kabisa za mafaili, Wamarekani wakaifunga Januari 2012, watu waliokuwa na mafaili yao halali humo nao wakayakosa. RapidShare ilifunga 2015. Upande wa kurasa, GeoCities ilifungwa 2009 na Posterous 2013. Google wenyewe ndo mabingwa wa kufunga vitu vyao, Reader 2013, Google+ 2019. Kwa hiyo nakushauri Google huku nikijua hilo, na dawa yake ni kwamba nakala mama ya kila notisi, lile faili la Word, linakaa kwenye laptopu yako na kwenye fleshi nyingine nyumbani. Blogger nayo kwenye mipangilio ina sehemu ya kuchukua bakapu, inakupa posti zako zote, na WordPress ina njia ya kuingiza posti za Blogger siku ukihama. Kwa picha usiitegemee bakapu hiyo, michoro yako itunze pembeni.

Basi stoo yako ni Google Drive, ila siyo Drive ya akaunti iliyoko kwenye simu yako. Fungua Gmail mpya ya notisi peke yake. Sababu ya kwanza, hizo GB 15 zinagawanywa na Gmail, na Google Photos, na siku hizi hata bakapu ya WhatsApp ya Android inakula humohumo. Magrupu yako ya ukoo na video za harusi yatajaza nafasi, na ikijaa hata barua haziingii. Sababu ya pili, faili likishirikishwa jina la akaunti inayolimiliki linaonekana. Ila akaunti hiyo mpya usiitelekeze, Google tangu Desemba 2023 wana utaratibu wa kufuta akaunti binafsi ambayo haijaguswa miaka miwili. Weka na namba ya simu ya kurudishia pasiwedi, namba unayoitumia kweli, siyo laini ya ofa uliyoitupa kwenye droo.

Kushirikisha sasa. Drive ukiweka faili linakuwa la kwako peke yako. Ukikopi linki ukaituma bila kubadilisha kitu, watu wanakutana na ukurasa wa kuomba ruhusa, na wewe unaamka asubuhi una barua themanini za watu wanaomba kuingia. Bonyeza kushirikisha, pale chini palipoandikwa kwamba ni wachache walioruhusiwa badilisha iwe yeyote mwenye linki, na aruhusiwe kutazama tu. Ukiweka kuhariri kuna mtoto atafuta jedwali zima la uainishaji wa viumbe kwa bahati mbaya au kwa makusudi. Halafu jaribu linki mwenyewe kwenye dirisha la siri la brauza, lile lisilokujua, ukiona inafunguka ndo uitume.

Angalia pia foda. Ukifungua foda kwa watu wote, kila unachokitupa humo baadaye kinafunguka kwa watu wote. Walimu nawajua, foda ya "Form 3" ina notisi, ina mtihani wa muhula ambao haujafanyika, ina na alama za watoto kwa majina. Notisi ziwe na foda yake kabisa isiyochanganyika na kitu. Alama na majina ya wanafunzi zisikaribie huko, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na hata isingekuwepo, mtoto aliyepata F hastahili kutafutwa Google.

Kitu kimoja cha Drive wengi hawakijui na kwangu ndicho kinachoifanya iwapite wenzake kwa kazi ya ualimu: umegundua kosa kwenye notisi, au mtaala umebadilika, usifute ukapandisha upya. Nenda kwenye faili lilelile, kuna sehemu ya kusimamia matoleo, pandisha toleo jipya hapo. Linki inabaki ileile. Aliyeisevu kwenye simu, aliyeiprinti kwenye kibao cha darasa, yule wa steshenari kule Double Road aliyeihifadhi kwa ajili ya wateja wake, wote wanapata ile mpya. Ukifuta na kupandisha upya, linki zote za zamani zinakufa na unarudi kwenye magrupu kuomba radhi. Ubaya wa Drive ni kwamba faili likishambuliwa na watu wengi sana kwa muda mfupi linaweza kukataa kushushwa kwa muda wa siku moja hivi. Kwa hiyo wiki ya mtihani wa taifa weka na nakala kwenye chaneli ya Telegram.

Vya kutoweka. Kurasa za vitabu ulizoskani hazikuwi zako kwa sababu umezipiga picha wewe, hakimiliki iko palepale. Vitabu vya kiada Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandao yao, weka linki ya kwao. Notisi zako, michoro uliyochora, maswali uliyotunga, hivyo mwaga. Na kwa kuwa tangu 2018 tuna kanuni za maudhui mtandaoni ambazo zimerekebishwa mara kadhaa, kabla hujaanza kuchanganya notisi na habari za mtaani au matokeo, pitia ofisi ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kanda ya kaskazini hapa Arusha uulize wewe uko kundi gani. Kuuliza ni bure. Mkuu wa shule naye ajue mapema, asije kuisikia kwa afisa elimu.

Hela. Kuna AdSense, matangazo ya Google, inaunganishwa na Blogger, wanalipa ukifikisha dola 100, na kwa blogu ya notisi za somo moja inaweza kuchukua muda mrefu sana kufika hapo. Kabla ya hapo, ukigusa dola 10, wanatuma namba ya uthibitisho kwa posta, kwa karatasi kabisa, kwa hiyo ukijaza anwani andika S.L.P. inayofika, ya shule au ya kanisani, siyo "karibu na soko la Mbuyuni". Ila mimi nisingeweka matangazo mwaka wa kwanza. Yanaongeza uzito wa ukurasa, yanakula MB za walewale unaotaka kuwasaidia, na bado hujui kama watu wanakuja. Hela ya karibu zaidi kwako ni kijitabu cha maswali na majibu, unauza kwa Mpesa au Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa) unamtumia mtu PDF. Utaibiwa nakala kadhaa, hilo lipo, lakini wengine watalipa.

Ulisema mwishoni kuna mwenzako wa Kemia anataka kuingia. Muongeze kama mwandishi kwa Gmail yake, Blogger inaruhusu hadi watu 100, ataandika posti zake na hatagusa za kwako. Pasiwedi usimpe, na cheo cha msimamizi usimpe kwa sasa. Cheo hicho mpe Gmail yako nyingine ya zamani, ili siku ile akaunti mpya ikikugomea uwe na mlango wa pili wa kuingilia.